Maji yanamwagika juu, bomba kavu chini

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yakifunguliwa Tabata saa nane za usiku hayapigi hodi. Mita inaanza kupuliza hewa, bomba la uani linakohoa, na muda si mrefu simtanki lililo juu ya mnara linaanza kujaa. Kabla ya adhana ya alfajiri husikika sauti nyingine: maji yakidondoka kutoka juu na kupiga sakafu ya uani, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akipaza sauti, "Jamani, hapo tangi limejaa, fungeni!" Aliyelala haamki. Kukipambazuka uani ni tope, mita imekimbia, na kwa nyumba yenye mkosi zaidi, bomba la jikoni halitoi hata tone ingawa tangi limefurika usiku kucha.

Kinachofuata ni lawama. DAWASA wanalaumiwa kwa mgawo, pampu inalaumiwa kwa uzee, wapangaji wanalaumiwa kwa kufua kila siku. Mafundi bomba wa Kimanga, Segerea na Kisukuru wanajua kwamba mara nyingi mkosaji ni kifaa kinachoenea kiganjani, chenye bei iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya pampu. Ni valvu.

Nyumba ya kawaida ya Tabata ina valvu nyingi kuliko mwenyewe anavyodhani, na sababu inaanzia mbali. Dar es Salaam hutegemea zaidi Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976. Baada ya upanuzi, Ruvu Chini umefikia uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Tabata imo kwenye njia ya Ruvu Juu. Maji hutoka Mlandizi, yakapita Kibaha, Kibamba na Kimara, yakahudumia kila aliye njiani, ndipo yakafika Ubungo, Tabata na Segerea. Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka kwa ukame, uzalishaji ulianguka kutoka lita milioni 466 hadi karibu milioni 300 kwa siku, na jiji zima likaingia kwenye mgawo wa ratiba.

Ndiyo maana kila nyumba imejigeuza mamlaka ndogo ya maji. Maji yakishavuka mita, presha ikitosha hupanda yenyewe hadi kwenye simtanki la juu; isipotosha huingia kwenye tangi la chini, mara nyingi lililochimbiwa ardhini. Hapo pampu huyasukuma hadi kwenye simtanki la juu, na kutoka huko maji hushuka yenyewe kwenda jikoni, bafuni na chooni. Kila hatua ya safari hiyo ina mlango, na kila mlango una namna yake ya kugoma.

Mlango wa kwanza kushukiwa ni boya. Boya ni valvu inayojifunga yenyewe. Tufe la plastiki huelea juu ya maji, limeshikwa na mkono wa chuma au plastiki, na mkono huo kwa upande wa pili husukuma kipande cha mpira, ambacho mafundi hukiita washa, kuziba tundu maji yanakoingilia. Tangi likiwa tupu tufe linaning'inia na tundu liko wazi. Maji yakipanda, tufe linapanda nayo, mkono unanyanyuka, washa inakaba tundu. Hakuna umeme, hakuna springi, hakuna siri.

Kwa kuwa ni rahisi hivyo, ugonjwa wake unapimika kwa mkono mmoja. Mtu apande ngazi imara wakati maji yanaingia, afunue mfuniko wa tangi, aushike mkono wa boya na kuunyanyua juu taratibu hadi mwisho. Maji yakikatika kabisa, washa ni nzima na tatizo liko kwenye tufe au kwenye mkono: ama tufe limepasuka na kunywa maji, ama mkono umepinda na tufe linakwama ukutani mwa tangi. Maji yakiendelea kutiririka hata mkono ukiwa juu kabisa, tufe halina kosa. Kosa liko mdomoni: washa imeliwa, au kuna chembe ya mchanga iliyokaa kati ya mpira na tundu.

Kipimo hicho cha nusu dakika huokoa pesa, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Tufe lililokunywa maji hujulikana likichomolewa na kutikiswa sikioni; likisikika maji ndani, litupwe, linunuliwe jingine la kufungia palepale. Mkono uliopinda hunyooshwa, na wengine huukunja kidogo kuelekea chini ili tufe lifunge mapema, kabla maji hayajafika kwenye bomba la kutolea ziada. Washa iliyoliwa hubadilishwa peke yake. Ikigeuzwa kichwa chini utaona duara limechorwa katikati ya mpira, mtaro mwembamba uliochimbwa na ukingo wa tundu kwa miaka ya kubanwa mahali pamoja. Mtaro ukiwa na kina cha kuhisiwa kwa ukucha, mpira huo umemaliza kazi. Yapo maboya ya bei ya chini yaliyotengenezwa yasifunguliwe. Hayo washa yake ikifa, boya zima linakwenda na washa yake.

Mchanga na kutu ni hadithi ya mgawo. Bomba la mtaani likikaa siku kadhaa bila maji, uchafu ulioshikilia kuta zake hukauka na kulegea. Presha ikirudi kwa kishindo, maji ya mwanzo huja na rangi ya chai, na chembe zake hunasa kwenye tundu jembamba kuliko yote njiani, yaani mdomo wa boya. Wazee wa nyumba wenye uzoefu hufungua kwanza bomba la uani, wakayaacha maji hayo yaende kwenye ndoo za kumwagilia maua au kuosha sakafu, ndipo wakafungua koki ya kuingiza tangini. Dakika hizo chache zina faida kubwa kuliko machujio mengi yanayouzwa madukani.

Tabata ina tatizo jingine la ziada: chumvi. Nyumba nyingi zimechimba visima, na maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi. Chumvi hula chuma cha mkono wa boya, huacha ukoko mweupe kwenye maungio, na ukoko huo ukijaa kwenye pini inayozungusha mkono, boya linaganda. Likigandia juu, tangi halijazwi tena na mwenye nyumba anadhani maji hayajafunguliwa ilhali kwa jirani yanamwagika. Likigandia chini, ni mafuriko. Ukoko huo hulainishwa kwa siki au ndimu, boya likiwa limeshafunguliwa na kutolewa nje, kisha likasuuzwa kabla ya kurudishwa. Kwa maji ya namna hiyo, boya lenye mkono wa plastiki ngumu na mdomo wa shaba hudumu kuliko lenye mkono wa chuma, hata kama la chuma linaonekana la kibabe dukani.

Yako maboya ambayo mchana ni mazima na usiku ni wagonjwa. Fundi akiitwa saa nne asubuhi anapima, anakuta boya halivuji, anachukua ujira wake na kuondoka. Usiku tangi linafurika tena. Siyo uchawi. Mchana mtaa mzima unatumia maji na presha iko chini. Usiku wengi wamelala, presha inapanda, na washa iliyochoka inasukumwa na nguvu isiyoiweza. Boya la namna hiyo lipimwe usiku, na washa yake ibadilishwe.

Hasara yenyewe si ya kudharau. Maji yanayotoka kwenye bomba la ziada kwa kiasi cha lita moja kila dakika, mchirizi mwembamba tu, ni lita 60 kwa saa. Yakifunguliwa kwa saa 12 ni lita 720, na uniti moja kwenye bili ni lita 1,000. Wiki ya usiku kama huo ni zaidi ya uniti tano zilizolipiwa zikaenda kunywesha udongo. Na dimbwi linalobaki chini ya mnara ni mazalia ya mbu. Jiji hili limepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wa dengi hupenda maji yaliyotuama karibu na watu.

Jambo moja la ufungaji linahitaji kusemwa wazi, maana linaua pampu. Boya la kawaida mahali pake ni kwenye tangi linalojazwa na bomba la mtaani. Tangi la juu linalojazwa na pampu linahitaji floti ya umeme, ile ya kuning'inia na waya wake, inayozima pampu maji yakifika juu. Likifungwa boya peke yake huko juu, litafunga mlango huku pampu bado inasukuma. Pampu itaendelea kunguruma dhidi ya mlango uliofungwa, maji yaliyomo ndani yake yatachemka, na sili zake zitaungua. Mwenye nyumba atanunua pampu nyingine, na nayo itaungua vilevile.

Mlango wa pili wa kushukiwa hauonekani kabisa. Ni valvu ya kuzuia maji yasirudi, kifaa chenye kilango cha ndani kinachofunguka kwa upande mmoja tu. Ile ya mwisho wa bomba la kuvutia maji, iliyozama ndani ya tangi la chini au kisimani, mafundi huiita futi valvu. Ikichoka, maji yaliyomo kwenye bomba hurudi chini kila pampu inapozimwa, na pampu ikiwashwa tena inavuta hewa. Dalili yake inafahamika: pampu inalia, injini ni nzima, lakini maji hayapandi mpaka mtu aifungue kizibo na kuijaza maji kwa jagi. Hapo ndipo wengi huambiwa pampu imekufa.

"Fundi, nimeambiwa ninunue nyingine," husema mama mwenye nyumba.

"Subiri kwanza, mama," hujibu fundi mwaminifu. "Tuvute bomba tuone huko chini kuna nini."

Huko chini mara nyingi kuna kipande cha mfuko wa nailoni, jani au kokoto iliyokaa mlangoni. Kikiondolewa, pampu inavuta kama mpya.

Kisa kigumu zaidi ni cha nyumba iliyounganishwa njia mbili, maji ya mtaani yakienda tangini na vilevile moja kwa moja kwenye mabomba ya ndani. Muungano huo ni mzuri siku presha ipo. Siku mgawo ukianza, kama valvu ya kuzuia maji yasirudi haipo au kilango chake kimekwama wazi, maji ya simtanki hushuka kimyakimya, yakapita mlangoni, yakarudi mtaani. Tangi la lita 2,000 lililojaa jioni linakutwa nusu asubuhi na hakuna aliyeoga. Wapangaji wengi wamegombezwa kwa maji yaliyokwenda kwa majirani wa mtaa wa chini.

Kabla ya kumgombeza mtu, kuna jaribio la usiku mmoja. Kila mtu akishamaliza kuoga, zima pampu, chovya ufito mkavu kwenye simtanki hadi chini na uweke alama pale ulipoishia unyevu. Kisha funga koki iliyo karibu na mita. Asubuhi pima tena kabla ya yeyote kufungua bomba. Kiwango kikiwa palepale, wakati usiku uliotangulia kilishuka, maji yalikuwa yanarudi mtaani. Kikiwa kimeshuka hata koki ya mita ikiwa imefungwa, maji yanapotelea ndani ya nyumba, na wa kwanza kuulizwa ni choo.

Choo cha kuflashi kina boya lake dogo na mpira wake wa kuziba chini. Mpira huo ukichakaa, maji hutiririka ukutani mwa bakuli kama uzi, hayasikiki na hayaonekani. Weka unga wa juisi wa rangi nyekundu kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikijitokeza ndani ya bakuli, umemkamata mwizi.

Valvu ya kuzuia maji yasirudi ina kazi ya afya pia. Bomba la mtaani likiwa tupu linaweza kuvuta badala ya kusukuma, na chochote kilicho jirani na tundu la bomba, maji ya mtaro au ya chemba, huingia. Watu wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA huongeza mvuto huo, na hii ndiyo sababu mojawapo ya mamlaka za maji kukataza jambo hilo. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, na maelekezo ya kuchemsha au kutibu maji yaliyotolewa wakati ule bado yanafaa siku ya kwanza baada ya mgawo.

Mlango wa tatu ni geti valvu, ile yenye usukani mdogo mwekundu au wa bluu. Hii huharibika kwa kutoguswa. Hufunguliwa siku nyumba inahamiwa, ikaachwa miaka kumi, na siku bomba linapopasuka ndipo mtu anaukimbilia usukani na kukuta umeganda. Akiulazimisha kwa spana, shina linakatika. Au usukani unazunguka kwa ulaini wa kutia shaka, bila mwisho, kwa sababu kipande cha kuziba kilishaachana na shina na kimebaki ndani, pengine kimefunga nusu ya njia. Nyumba ya namna hiyo ina maji dhaifu kila bomba na hakuna anayejua kwa nini.

Tatizo hilo la kuganda halina nchi. Nyumba za Uingereza, ambako Watanzania wengi wanaishi, hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozungushwa kutoka kwenye boila hadi kwenye redieta za kila chumba, na redieta nyingi zina valvu yenye kipini kidogo cha chuma kinachopanda na kushuka kulingana na joto la chumba. Kiangazi chote hakuna anayezigusa. Baridi ikianza Oktoba, redieta ya chumba kimoja inabaki baridi wakati nyingine zinachoma mkono. Fundi hufungua kichwa cha plastiki, akakuta kipini kimezama na kukwama, akakigongagonga taratibu hadi kiruke juu, na joto likarudi. Anayeagiza boila mpya kabla ya kukitazama kipini hicho hana tofauti na mwenye nyumba wa Segerea anayenunua pampu.

Dawa ya geti valvu ni kuizungusha. Ifungwe na kufunguliwa kila baada ya miezi michache, na ikishafunguliwa hadi mwisho irudishwe nyuma kidogo isigandie mwishoni. Inayobadilishwa leo ni heri ibadilishwe kwa koki ya mkono, ile inayofunga kwa robo mzunguko. Mtu akiitazama tu anajua, mkono ukifuata bomba iko wazi, ukikata bomba imefungwa.

Si kila udhaifu wa maji ni valvu, na fundi anayesema hivyo anataka kuuza valvu. Baada ya tangi kukauka, hewa hunasa kwenye bomba lililopanda na kushuka, na bomba hutema maji kwa vipindi. Hufunguliwa bomba la chini kabisa la nyumba hadi mwisho, likaachwa mpaka hewa iishe. Vilevile, kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban baa moja. Tangi lililo mita 3 juu ya bomba la mvua litatoa kama theluthi ya hiyo, na hakuna valvu duniani itakayoiongeza. Anayetaka kuoga kwa nguvu ainue mnara au afunge pampu ya kuongeza presha.

Mipaka ya kazi nayo ijulikane. Mita na kilicho kabla yake ni cha DAWASA; sili yake isiguswe hata kama fundi anaahidi kuirudisha. Kilicho baada ya mita ni cha mwenye nyumba. Kupima kama kuna uvujaji upande wako, funga kila bomba na kila koki ya tangi, kisha tazama kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, yanatoka mahali fulani kati ya mita na wewe.

Fundi akiitwa, mwambie akuonyeshe kifaa cha zamani kabla hajakitupa, na akueleze kwa mkono kilipoharibikia. Umeme wa pampu uzimwe na waya uchomolewe kabla ya yeyote kugusa bomba, na asiwepo mtu peke yake juu ya ngazi usiku. Na wewe mwenye nyumba, usisubiri mgawo mwingine: Jumamosi hii panda, funua mfuniko, nyanyua mkono wa boya, uone maji yanakatika au hayakatiki.